Alama ya Kumi na Saba

Kioo kiliwaka kabla injini haijatulia.
Jostein, mwana wa dada yangu, akanionyesha kwa kidole
kilichofungwa plasta mbili:
"Hii nyekundu ndiyo sakafu ya bahari, mama mdogo.
Ikiwa nene, ni mwamba; kaa hapo.
Ikiwa hafifu kama uji uliomwagika, ni tope; usipoteze dizeli."
Na hizi nyusi?
"Ndio chewa wenyewe. Anakuja, anapita chini yetu, anakwenda zake,
kioo kinamchora upinde."

Miaka thelathini na moja nimepasua chewa wa mashua hii,
nikawaanika kwenye vichanja vya Skarvnes mpaka wakawa kuni,
wala sikujua kwamba huanza kama nyusi.

"Tena hakimwoni," akasema. "Kinapiga ukelele chini, kinatega sikio.
Kinachoitika si nyama wala mfupa.
Ni kibofu: hewa kidogo aliyoibana tumboni asizame.
Kibua hana kibofu, ndiyo maana hupita kama uvumi."

Eilert hakuwa mtu wa maneno.
Barua aliniandikia moja, nayo ilihusu pampu.
Lakini humu chomboni aliacha alama thelathini na nne,
kila moja na jina lake, herufi kubwa, bila nukta:
MWAMBA WA KANISA
MACHI TU
WAVU ULIRARUKA
PA ASBJØRN ASIJUE ASBJØRN.
Nikacheka. Kicheko cha kwanza tangu Novemba.
Jostein akageuka haraka, akidhani nalia.

Ya kumi na saba: SAA NNE.

Basi.
Iko mbali, nje ya mdomo wa ghuba,
nusu saa kutoka mwamba wowote wenye akili.
"Ndiko alikowaficha wakubwa," akasema Jostein,
akasukuma mtambo mbele, theluji ikitupiga kwa ubavu.

Tulipofika, kioo kilikuwa buluu tupu.
Pima mia na kumi, chini tope,
uji, uji, uji.
Jostein akazunguka mara mbili. Akabadili masafa ya sauti.
Akaongeza usikivu hadi kioo kikachafuka vidoadoa,
kila kijidudu cha maji kikipiga kelele jina lake,
na katikati ya kelele zote hizo hapakuwa na unyusi hata mmoja.
Tukashusha mishipi hata hivyo.
Ikapanda na kiti cha pweza kimoja, kimenuna.
"Mashine imeharibika," akasema, akaipiga kofi.

Hapo simu ikatetemeka ndani ya ovaroli yangu.

Simu ambayo imekuwa jiwe tangu gatini.
Nikainua macho: milima miwili, Tinden na mwenzake,
imeachana kidogo, upana wa mlango ulioegeshwa,
na mle mwanyani, mbali, mwembamba kama sindano,
mnara wa mtandao wa ng'ambo ya pili.

Kila siku saa nne.
"Vipi?"
"Baridi."
"Wapo?"
"Wapo wapo."
"Haya."
Nilidhani bahari yote huongea.
Nilidhani anapiga kwa sababu amechoka kuangalia kioo.
Siku nyingine niliiacha iite, mikono ina unga,
nikasema moyoni: ana nini cha kuniambia huyu.

Nusu saa kwenda, nusu saa kurudi.
Dizeli ile tuliyogombania kila mwisho wa mwezi.

Jostein kidole kimeshafika kwenye kitufe.
"Hapana kitu hapa. Niifute?"

Nilikuwa nikisoma ujumbe. Wa mnunuzi:
chewa ameshuka krone mbili, leteni kabla ya saa tisa.

"Iache," nikamwambia. "Twende Machi Tu."
"Lakini huu ni Februari."
"Twende tu."